Sikio la Mumbua

Miaka ishirini na miwili, Kariobangi,
Mumbua ametibu injini kwa sikio:
vali yenye kikohozi, pistoni yenye pumu,
kabureta inayosema uongo.

Kisha zikaja dawa mpya.
Spiriti ya molasi, kutoka kwenye miwa ya Muhoroni:
pikipiki ya Odipo ikanuka chang'aa,
ikakimbia kama mdaiwa,
ikarudi na kiu maradufu.
Yakaja mafuta yaliyokwisha kukaanga viazi,
akayachuja kwa leso kuukuu,
akalinywesha gari la mkate la dizeli.
Moshi ukanukia chipsi.
Watoto wa shule wakaufuata hadi Huruma
wakimeza mate.
Lakini Julai, alfajiri, mafuta yakaganda;
akayapasha kwa jiko la makaa
akacheka peke yake. Makaa!

Leo Nyanchama ameleta ya betri.
Mumbua anainama, anasikiliza.
Kimya.
Anagonga chuma kama anayebisha hodi.
"Inakula nini hii?"
"Mvuke wa Olkaria, mama. Na upepo."
"Na stima ikipotea?"
"Nabadilisha betri kwa Kasyoka. Dakika tatu."
"Na betri ikifa, inazikwa wapi?"

Nyanchama anautazama mto nyuma ya karakana,
mweusi tangu enzi za grisi.
Hajibu. Anavaa helmeti,
anateleza hadi Outering bila hata kuaga kwa mlio.

Mumbua anajifuta mikono isiyochafuka.
Karakana nzima imetulia,
isipokuwa kikohozi kimoja, kikavu, cha zamani.
Anatafuta ni injini ipi.
Ni yeye.