Sifuri za Hombolo

Saa tatu kamili asubuhi, kila siku ya Mungu,
nilikuwa nafungua kijigeti cha waya,
nainamia kipimamvua kama mtu anayechungulia kisima,
nainua chupa, naielekeza kwenye mwanga:
vumbi, na safari moja nyigu mfu.
Narudi ofisini, nafungua ukurasa,
jina, nywila, kituo, tarehe,
naandika sifuri nukta sifuri,
nabonyeza Tuma.

Mei sifuri. Juni sifuri.
Julai upepo unavuma mpaka kope zinaota mchanga,
sifuri.
Agosti wenye mizabibu wanavuna kwa maji ya bomba,
mimi na chupa yangu, sifuri.

Nikasema: hivi kweli,
mtu mzima mwenye cheti
aende kila siku kuuliza
jambo ambalo hata mbuzi wanalijua?

Mpwa wangu Hezroni alikuja likizo.
Mistari kumi na minne,
aliiandika huku anatafuna karanga.
Kompyuta ikafundishwa saa.
Ikifika saa tatu inafungua ukurasa yenyewe,
inajaza jina langu, Yoeli Chitema,
inajaza sifuri, inatuma,
inaufunga ukurasa bila kelele.

Siku ya kwanza nilikaa pembeni nikaitazama
kama mtoto anayetumwa dukani mara ya kwanza.
Ya pili, nilikuwa nakunywa chai.
Ya kumi, nimelala.
Wakubwa wa mjini wakapiga simu kunisifu:
"Kituo chako hakichelewi hata dakika, bwana Chitema."
Nikasema asante. Ungekuwa wewe?

Usiku wa tarehe kumi na tisa Oktoba
nilikuwa Kongwa, msibani.
Hombolo ikanyesha.
Haikuwa mvua ya msimu. Ni ile ya mpita njia,
inayogonga bati kama mgeni aliyekosea nyumba.
Ilikaa saa mbili, ikaondoka.
Asubuhi, saa tatu kamili,
maji yamo chupani, geti limefungwa,
na kompyuta, mtumishi asiye na hila,
ikaandika sifuri nukta sifuri.

Nilirudi siku ya nne.
Nilipita karibu na ule waya, sikuinama.
Niiname nikatafute nini?
Jua likamaliza lililobaki, taratibu, bila haraka.

Mama Mbeleje yeye aliisikia.
Alfajiri ile ile alishika jembe,
ekari mbili, mbegu yote ya kihengeni.
Uwele ukachungulia, vidole viwili,
ukaona hakuna mtu nje, ukanyauka.

Alinijia Desemba na karatasi ya ushirika:
atapewa mbegu upya aliyedanganywa na mvua,
mradi kituo kithibitishe
kwamba mvua ilikuja kudanganya.
"Yoeli, nifungulie siku ile."
Nikamfungulia.
Hakunitukana. Aliweka kidole kwenye kioo,
juu ya sifuri, kucha ina udongo,
kama anataka kuikwangua.
"Kwa hiyo mimi nililowa na nini?"

Nilimwandikia barua kwa mkono,
nikaeleza yote, msiba, karanga, mistari kumi na minne,
nikapiga muhuri mara mbili, wino ukavuja.
Ushirika walimpa nusu.
Nusu nyingine hatujaizungumza,
ila tukikutana kisimani anasalimia kwa kifupi.

Kazi ya Hezroni sikuitupa yote.
Nilifuta mstari wa kutuma, nikaacha saa.
Sasa saa tatu kasoro dakika kumi
kompyuta inalia kama kuku anayetafuta pa kutagia,
na kioo kinaniandikia:
Nenda kaangalie.

Ni Juni tena. Naenda.
Geti, waya, mgongo unaolalamika.
Jana sifuri.
Leo sifuri, na nyigu.