Sarafu Juu ya Mtutu

Jumamosi tatu sikupewa risasi hata moja.
Nilipewa bastola tupu, meza ya mbao,
na sarafu ya mia mbili, ile yenye simba.
"Ilaze juu ya mtutu," akasema Sajini Akyoo,
"kisha vuta kifyatulio, pole, mpaka kialike.
Ikianguka, iokote. Usinitazame mimi."

Ilianguka.
Ikaanguka tena, ikajiviringisha hadi kwenye moramu,
nikainama kuisaka kama mtu aliyepoteza nauli.

Uwanja wenyewe ni shimo tu, ng'ambo ya Kisongo,
palipochimbwa kokoto mpaka kokoto zikaisha:
ukuta wa udongo nyuma, matairi yamepangwa,
na upepo usio na adabu
unaozizaba makofi shabaha za karatasi.
Mlima Meru ukipenda, unaonekana.

Tulikuwa wanne. Mlinzi wa benki anayesubiri cheti,
mfuga kuku wa Ngaramtoni aliyechoka kuibiwa,
kijana wa kibanda cha miamala asiyecheka,
na mimi, Ndeshi, dalali wa mawe.
Vidole hivi hushika kibano,
hugeuza tanzanaiti ndogo kama punje ya mtama
na pumzi isiitikise.
Nilidhani hilo lingetosha.

"Kidole chako kinafanya nini humo ndani?"
Hakupaza sauti.
Kidole kilikuwa kimeingia chenyewe,
kama mtoto jikoni akisikia harufu ya maandazi.
"Kitoe. Kilaze ubavuni. Kikae nje mpaka umeamua,
na ukishaamua, jiulize tena."
Kisha: "Iko tupu?"
Iko tupu, afande.
"Umetazama?"
Nilitazama dakika moja iliyopita.
"Basi hujatazama."

Mkono mtupu haulambwi, wamesema waliosema;
Akyoo ana lake: bastola tupu haijazaliwa.

Kibali kilinila miezi minane.
Barua ya mtaa, muhuri, rudi Alhamisi,
vidole kumi vyote vikachovywa wino,
na kwenye fomu, mstari mfupi: *Sababu*.
Nikaandika: biashara ya madini.
Sikuandika geti langu la Njiro, umeme umekatika,
na sauti changa inayosema, mama, lete mkoba.

Jumamosi ya nne, risasi tano.
Zilikuwa nzito kuliko nilivyozifikiria,
nikazipanga mezani kwa mstari, kama mawe ya mteja.
Ya kwanza ilinipiga mimi, kifuani, kwa mlio wake.
Ya pili ikala tairi.
Ya tatu sijui, ukuta unajua.
Ya nne ilimgusa begani mtu wa karatasi,
na mfuga kuku akapiga makofi, akakatazwa.
Ya tano niliingoja sana. Sikuifyatua.
Niliitoa, nikairudisha mezani, hakuna aliyenicheka.

Ndipo, nikiokota maganda yangu yenye joto
(Akyoo huyahesabu kama muuza mboga na chenji yake),
nikaukumbuka mkono wa yule kijana.
Miaka miwili nimeukumbuka kwa mtutu,
ule mduara mweusi, mdogo kama kifungo cha koti.
Leo ulinijia kwa kidole.
Kilikuwa ndani.
Muda wote kilikuwa ndani, kikitetemeka,
kikigusa, kikiachia, kikigusa,
mimi nikihangaika na zipu iliyokwama.
Hakuna aliyempa Jumamosi tatu.
Hakuna aliyemwinamisha kutafuta sarafu.
Ningeweza kufa bila yeye kukusudia,
na sijui kama angejua ni nani aliyefyatua.

Nikaketi juu ya tairi.
"Umechoka?" akauliza Sajini.
Nikamwomba ile mia mbili.

Nikatazama: tupu. Nikatazama tena.
Kidole ubavuni, kisha ndani, kisha pole,
pole kama anayefungua mlango chumba cha mgonjwa.
Kikaalika.
Simba hawakutikisika.
Upepo ukaja, ukawapita,
na Akyoo, bila neno,
akageuka kumtazama mfuga kuku.