Kibindo cha Zipu

Mara ya kwanza aliniletea zipu imeng'oka meno matatu.
Hewa ya Mombasa haina simile na chuma,
chumvi huanza na kishikizo, ikamalizia na subira ya mtu.
Nikaupima kwa kiganja, mkoba mweusi wa kiunoni,
bitana imechorwa kwa mafuta
umbo la kitu kisicho simu, kisicho pochi.
Sikuuliza. Fundi muuliza sana hubaki na nyundo yake.

"Nataka ifunguke kwa mvuto mmoja," akasema Sudi Mwinyihaji,
"na nyuma nishonee mfuko wa turubai, peke yake,
usichanganyike na funguo wala sarafu.
Na isipige kelele."
Nikapaka meno nta ya mshumaa. Nikavuta. Kimya.
Nikavuta tena.
Akatabasamu kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina lake.

Leseni anayo, alinionyesha bila kuombwa,
karatasi imevikwa nailoni kama picha ya marehemu.
Hukusanya fedha za vituo vitatu vya mafuta, Changamwe hadi Miritini,
na mwaka juzi walimlaza kifudifudi juu ya lami ya mchana
hata shavu likabaki na alama za kokoto.
Tangu hapo, asema, kiuno chake hakilali.

Mimi nilimjua kwa mkanda kuliko kwa maneno.
Tundu la nne, kisha la tano: amepungua.
Hata akija bila mzigo bega la kulia hutangulia chini,
na mkono hupita tumboni, hugusa, hurudi,
hugusa, hurudi,
kama mja mzito katikati ya soko.
Msikitini hushika safu ya mwisho, kando ya nguzo,
akiketi tahiyatu huupakata mkoba
kama mtoto wa kuazima.
Binti yake Mwanaiki, wa miaka sita,
humkumbatia kwa upande wa kushoto tu.
Hakuna aliyemfunza. Aligonga paji la uso mara moja, basi.

Juzi kaniachia mkoba mtupu, zipu imekwama tena.
"Chenyewe kimelala kwenye sefu," akanong'ona,
akashika njia ya Mwembe Tayari, bega lile lile chini,
mkono ukagusa shati,
haukukuta kitu,
ukagusa tena.

Nami, nisiseme uongo, nikaujaribu.
Nikatia koleo na nyundo ndogo, nikaufunga chini ya kitovu,
nikavuka barabara kwenda kununua kahawa chungu.
Chumu, kijana anayeniibia gundi kila wiki,
akatazama usoni, akatazama kiunoni, akauona uzito.
"Shikamoo, mzee."
Miaka minne sijawahi kuisikia shikamoo yake.
Na ilikuwa tamu.
Kahawa ikanipoea mkononi kwa kuuogopa utamu ule.

Bibi yangu alikuwa na kibindo cha leso:
senti kumi kumi, tambuu, karafuu mbili za jino.
Akijikwaa kizingitini, "Hamadi!"
nasi wajukuu huitikia, "Kibindoni!"
naye humalizia huku akijipapasa,
"Silaha iliyo mkononi."
Zile senti zikilia, sisi tukicheka.
Utoto wangu wote nilidhani silaha ni karafuu.

Zipu iko tayari. Hainung'uniki.
Nimeutundika mkoba msumarini, kati ya viatu vya shule
na begi la bi harusi lililokosa mwenyewe.
Kesho atakuja, atavuta mara moja, kimya,
atanihesabia mia mbili na kuniambia fundi we hodari.
Sitamwambia kwamba upande wa kulia, kwa nje,
nimefumua bitana nikatia kipande cha sponji,
laini, kinene cha vidole viwili,
pale panapofika paji la uso la mtoto.