Mkono Uliokwenda Kurekebisha Miwani

Sikujitolea. Semeni mtakavyo.
Ilikuwa Oktoba, mjini Tolmin, ukumbi wa zimamoto,
wazazi kumi na saba tukitazama viatu vyetu,
na Bi Breda, kiongozi wa skauti miaka thelathini na moja,
akatangaza kuwa goti lake limeukataa mlima.
"Nani atanisaidia? Au tufunge?"
Miwani yangu iliteleza. Nikainua mkono kuirudisha.
Makofi yakalipuka
kabla kidole hakijafika puani.

Wahenga walisema juu ya maji na nguo.
Mimi niliyavulia miwani tu,
na bado ikabidi niyaoge.

Kazi yangu ni meno ya bandia.
Kutwa nakaa na taya zisizo na wenyewe,
nasugua, napima, nang'arisha.
Sijui nyota. Sijui moto bila kiberiti.
Mwanangu Gal, mwenye miaka kumi na miwili,
alinitazama usiku ule kama mtu aliyekuta jina la mama yake
limechorwa kwenye mlango wa choo cha shule.

Kisha fomu. Fomu juu ya fomu.
Hati ya polisi ikaja kwa posta.
Nikaisoma nimesimama jikoni, mara tatu,
nikashangaa kwamba miaka yangu arobaini na minne
imeenea kwenye mstari mmoja:
Hakuna kilichopatikana.

Jumamosi sita za mafunzo, darasa baridi.
Mwalimu wa mafundo alikuwa na miaka ishirini na chunusi.
Kamba yangu ilishika kila kitu,
kiti, kidole, shanga za mwenzangu,
ila fundo lenyewe.
Nilifundishwa kufunga jeraha, kusoma ramani,
na kanuni moja iliyopigiwa mstari mara mbili:
usiwe peke yako na mtoto; watu wazima wawili, daima.
Nikavishwa skafu. Nikaapa.
Sauti ilinitoka nyembamba, kama ya mtu anayeagiza mkate.

Kisha Julai, kambi kando ya mto Soča.
Saa tisa usiku, mtu anakwaruza hema langu.
Tilen. Miaka tisa. Anatetemeka, hanitazami.
"Bi Zdenka, mvua imeingia kwenye begi langu la kulalia."

Siku kumi na mbili hatukuona tone.
Nikatazama juu: nyota zote zile nisizozijua,
mbingu kavu kama mfupa.
"Ndiyo," nikasema. "Mvua mbaya hiyo."

Nikamwamsha Breda, kwa ajili ya kanuni.
Alitoka na tochi na goti lake.
Alimwangalia mtoto, akaliangalia begi,
akasema, "Mwaka huu zimezidi,"
akaenda kumtafutia suruali kavu.

Mto ule ni theluji iliyobadili jina.
Nilifua huku vidole vikinikimbia mmoja mmoja,
Breda akinimulikia kutoka ukingoni, bila neno.
Nilipolitundika begi nyuma ya jiko
lilionekana limesimama kizimbani.
Nikarudi hemani, nikaleta langu,
nikalizamisha mtoni, nikalitundika kando yake.

Asubuhi watoto wakauliza.
"Mvua," nikajibu, nikikata mkate.
Gal akatazama mbingu. Akatazama mabegi mawili.
Akanitazama mimi, muda mrefu,
kisha akachukua ndoo akaenda kuchota maji
ambayo hakuna aliyemtuma.

Msisherehekee. Septemba aliacha skauti,
akaenda kwenye mpira wa mikono; rafiki zake wako huko.
Nilirudisha sare yake kabatini
nikabaki nimeshika yangu.

Hakuna aliyeniuliza kama nitaendelea.
Jumanne, saa kumi na moja, nafungua ukumbi,
nawasha taa ile inayosita,
napanga viti, nahesabu vichwa.
Fundo la kitanzi bado linanishinda.
Tilen hunifungia,
akiwa ameupa kundi mgongo, wasione.