Majibu kwa Mkaguzi wa Hesabu

Karibu, Bwana Kweka. Vuta kiti.
Si hicho, hicho mguu wake mmoja una deni.
Daftari nimekwisha kulifungua
pale ulipoweka wino mwekundu.

Unauliza: huyu Jirani ni nani?
Katokea mara arubaini na moja tangu mfungo wa mwaka jana.
Jirani, unga kilo kumi.
Jirani, vidonge vya presha, mwezi mmoja.
Jirani, nauli ya Bombo, kwenda na kurudi.
Jirani, sanda.
Hana simu, hana dole gumba.
Kwa macho ya hesabu huyu ni mwizi,
na mwizi mwenyewe ni mimi niliyeshika kalamu.

Basi sikiliza.
Wakfu huu ulianza na cherehani mbili
na chumba cha marehemu Bi Mwanatumu, Barabara ya Kumi na Tano,
aliyesema: chumba hiki ni cha Mwenyezi Mungu,
mimi nilikuwa nalipia umeme tu.
Kila Ijumaa, watu wakitoka kuswali, tunapima barazani.
Wanakuja na wa Jumapili pia.
Mkanda wa presha haumuulizi mtu kibla chake:
unakaza mkono, unaachia, unataja namba.

Wa kwanza kukataa jina alikuwa mzee
aliyekata katani Amboni miaka thelathini na miwili,
kifua kikipiga filimbi kabla mdomo haujafunguka.
Nikamuuliza, nani nimwandike?
Akageuka kutazama foleni.
Mkwewe alikuwa wa nne.
"Andika jirani," akasema. "Kwani mimi si jirani yako?"
Nikaandika.
Sikujua kama neno lile lina mlango mpana hivyo.

Ijumaa ya pili wakaupitia watatu:
mwalimu mstaafu, kanzu imepigwa pasi, tumbo halina kitu;
mke wa baharia, Makorora,
mume yuko melini na pesa ziko melini;
na kijana aliyembeba mamaye mgongoni toka Mwakidila,
ambaye kabla ya dawa aliomba kitambaa
amfute mama vumbi la njiani, asionekane hivyo.

Nassoro Shebughe, mhudumu wetu wa afya, ana baiskeli isiyo na kengele.
Aliing'oa mwenyewe.
Anafika magharibi, anaacha mfuko kizingitini, huyo.
Muulize majina: atakwambia ana maradhi ya kusahau
yanayomshika saa za kazi tu.

Najua, mnapenda picha. Mama, gunia, tabasamu.
Mfadhili mmoja aliniandikia: nisipoona uso, sitoi tena.
Nikampelekea picha ya mlango uliofungwa,
mlango mzuri, wa mninga.
Hajajibu.
Sitara nayo ni dawa, Bwana Kweka,
ila duka lake halitoi risiti.

Lakini hebu fungua upande wa mapato.
Hapa. Ukurasa hamsini na nane.
Jirani, shilingi mia tano.
Jirani, machungwa ya Muheza, debe moja.
Jirani, amerudisha nusu ya unga,
mwanawe kapata kibarua kiwanda cha saruji.
Jirani, shilingi mia tano.
Jirani, kushona mapazia ya chumba cha kujifungulia, hakudai.
Jirani, shilingi mia tano, tena yule yule,
nazijua sarafu zake, zinanuka karafuu.
Huku yumo mara hamsini na tatu
na hukuuliza hata mara moja ni nani.
Wino wako mwekundu ulikauka?

Kunywa chai. Sukari yake imo humo humo,
mstari wa sita kutoka chini.

Kisha andika unavyoona.
Mimi sikuzuii, kazi ni kazi.
Pale penye "aliyehusika" weka jina langu,
yote matatu: Zaituni Mwinjaa Kibwana,
herufi kubwa ukitaka.
La kwangu liandike tu.
Halina mkwe kwenye foleni.