Umeniuliza Vipimo

Kabula, umeniuliza vipimo.
Sina.
Nina kiganja, na kiganja kina mikunjo,
na Hansaben alikuwa akinishika mkono hivi,
akimimina iliki mpaka mkunjo wa pili:
"Basi, fundi. Ukipita hapo unapika manukato."

Nilikuwa na cherehani barazani kwake, Makoroboi,
miaka kumi na mmoja ya zipu na kola.
Saa nne kamili mlango wa nyuma ulilia,
ikatangulia harufu, ikafuata trei, kisha yeye,
na waliokuja kunigombeza kwa sare za shule zilizochelewa
wakasahau walichofuata.

Siku ya kuhamia kwa mwanawe, ng'ambo,
aliniachia mkasi, futi ya kupimia, kopo la vifungo.
Kinu chake cha shaba alikiviringisha kwenye kanga
akakipakata kama mtoto mwenye homa.
Sikumlaumu.
Hata mimi nisingekiacha.

Nikanunua masala ya pakiti.
Kabula, lile ni vumbi lenye picha ya tembo.
Nikaazima mashine ya jirani,
ikanipa chai yenye ladha ya kitunguu saumu.
Mwezi mzima nikanywa maji ya moto na hasira.

Halafu siku moja nikatoka uani.
Unapajua kwangu Igogo: ukuta mmoja tofali,
wa pili jabali, Mungu alishaujenga kabla yangu.
Kwenye jabali kuna kishimo, kama bakuli,
tulikuwa tukiwekea sabuni.
Nikakisugua kwa majivu, nikakisuuza mara tatu,
nikaokota jiwe la mviringo ufukweni, wanakoanika dagaa
(usicheke, nililichemsha siku nzima)
nikaponda.

Ponda, usisage. Iliki ipasuke tu.
Karafuu tano, sita kama kuna mgeni.
Mdalasini ulie kama kijiti kikavu.
Pilipili manga chache, za kukuamsha, si za kukuadhibu.
Tangawizi iwe ya mwisho, ina maji, italowesha wenzake.
Vichemke mpaka nyumba nzima ijue.
Ndipo majani. Ndipo maziwa,
ya yule kijana wa baiskeli atokaye Usagara, si ya boksi.
Iache ipande mpaka ukingoni, iteremshe.
Ipande tena, iteremshe.
Ya tatu ndiyo yako.

Watakuambia inalainisha kifua, inashusha gesi,
inafukuza mafua ya Julai
upepo wa ziwa unapopenya chini ya mlango.
Mimi si daktari. Bugando ile pale juu, kapande.
Ninachojua: mzee Lugwisha wa nyumba ya pili,
ambaye hanisalimii tangu kesi ya mfereji,
huja na kikombe chake mwenyewe.
Anakaa. Anapuliza.
Anasema "wabeja" kwa mdomo mdogo,
na mfereji hatuutaji.

Mvua ikinyesha usiku, kishimo kinajaa.
Asubuhi maji yake yana rangi ya kutu, yananukia.
Juzi nilimkuta kuku wa jirani ameshayanywa,
amesimama mguu mmoja, anawaza.

Hansaben alipiga simu wakati wa Diwali.
Akauliza kama bado napika.
Nikasema ndiyo, ila si kama yako.
Akanyamaza kidogo. Huko, akasema,
jiko la umeme halipandishi povu vizuri,
na kinu kiko kabatini,
wa chini wanalalamikia kelele.

Kwa hiyo vipimo sina. Njoo na mkono wako.
Chujio usilete. Langu limetoboka,
nimelizoea,
kila kikombe kina punje moja chini.
Hiyo usiimwage.
Itafune ukiwa unashuka mlima.