Barafu ya Kuliwa

Alhamisi, saa tatu usiku, Tabata Kimanga.
Luku imebaki uniti nne.
Friza nimeazima kwa Mama Sikujua, ukuta wa pili,
kwa malipo ya chapati sita.

"Kwani nyumba imewashinda?" ameniuliza.
"Mwende mkalale porini Pugu,
na siafu, na umande,
tena kwa nauli yenu wenyewe?"
Nikacheka. Nikamimina mafuta sufuriani.

Maharage yameloweka tangu jana.
Nimeyachemsha yakalegea bila kupondeka,
nikayaunga kwa kitunguu, nyanya, binzari ya kuonja.
Nazi sijatia. Nazi haina subira:
ipande jua la saa saba, ishuke imechacha,
halafu lawama apewe mpishi.
Tui tutakamulia hukohuko. Mbuzi atakuja na Hidaya,
yule wa kukalia, si wa kuchinja.

Nimeyajaza kwenye vikopo vya siagi, nikavipanga kwa jirani
kama fundi anayepanga tofali.
Kesho vitakuwa mawe.
Mawe yatapoza nyama njia nzima,
na jioni, kazi yao ikiisha,
yatayeyuka yawe kitoweo.
Barafu ya wengine humwagwa.
Yetu inaliwa.

Wanasema akiba haiozi.
Hao hawajabeba samaki wa Feri hadi mchana.
Kwa hiyo samaki hapana. Nyama nimeikatakata vidogo,
nimeikausha kwa ndimu na tangawizi hadi maji yakaisha kulalamika.
Chapati nimezipika nusu, moto wa kuni utazimalizia.
Iliki, mdalasini, pilipili manga nimetwanga,
nikafunga kwenye mtihani wa hesabu wa Shani:
thelathini na moja kwa mia, wino mwekundu.
Leo angalau karatasi ile inanukia.

Saa nne na robo umeme ukakatika.

Nikakaa juu ya ndoo.

Nalijua hema mimi.
Si hili la kukodi, lenye zipu na dirisha la chandarua.
Nalijua la turubai, uwanja wa shule,
mwaka ule Msimbazi ulipopanda kitandani kwetu
bila kubisha hodi.
Siku kumi na tisa.
Mama kwenye foleni na sahani ya bati,
uji ukiishia kwa mtu wa tatu mbele yake,
naye akirudi kutuambia
kwamba harufu peke yake imemshibisha.
Tangu hapo, harusini, msibani,
penye turubai nakaa kiti cha mwisho,
karibu na njia.

Basi kiwandani wenzangu wakinitania,
"Shoga, unapikia jeshi? Tuko watano, siku mbili tu!"
huwa sijibu.
Naongeza kikombe cha mchele.

Na kwa nini nimekubali kwenda, sijui vizuri.
Hidaya alilitandaza hema lile juu ya meza ya kukatia vitambaa,
akaniomba nikague mshono.
Nikapitisha kidole pindo hadi pindo.
Ni mshono mzuri. Wa sindano mbili.
Nikasema: hili halivuji.
Nikajisikia nimesema, nami nakuja.

Mkaa ulikuwa bado hai.
Nikamaliza chapati kwa tochi ya simu,
halafu kwa simu ileile, chaji ikihesabu pumzi zake,
nikampigia Mama, Mkuranga.
Nikamwambia: Ijumaa nalala hemani.
Hakuna mafuriko, Mama. Ni kwa kupenda tu.

Akanyamaza.
Nilisikia redio yake, na jogoo asiyejua saa.
Kisha akauliza,
"Chumvi umefunga?"

Sikuwa nimefunga.

Simu ikazima.
Nikainuka, nikapapasa rafu gizani,
na mkono ukalijua kopo.